Mikono Miwili Juu

Siku waliyoniaga kazini walinipa saa ya ukutani, kitenge kizuri na keki iliyoandikwa jina langu kwa rangi ya waridi. Meneja akasimama akasema mimi ni mfano wa mwanamke aliyetoka kwenye mazoea yake akathubutu. Watu wakapiga makofi. Nilitabasamu kwa kuwa mpiga picha alikuwa mbele yangu, kisha nikarudi kwangu Mtoni nikiwa nimevimba kwa hasira hata chakula hakikupita.

Tangu hapo baadhi yenu mnaofanya kazi yadi mmenipigia simu mkitaka niwaandikie maneno ya kutia moyo, myabandike kwenye ubao wa matangazo. Maneno ya kutia moyo sina. Ninachoweza kuwapa ni jinsi mambo yalivyokuwa, na mtakayoyaona humo ni yenu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara ya pale mnaijua wenyewe.

Niliingia yadi ya Kurasini kama karani wa kuhakiki makontena. Niliambiwa ni kazi ya ofisi, kwa hiyo siku ya kwanza nilivaa viatu vya wazi vyenye kisigino kifupi na gauni la kwendea harusini. Kabla ya saa nne asubuhi kiatu kimoja kilikuwa kimemezwa na tope nyuma ya karakana. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba ofisi yenyewe ni ile njia kati ya safu moja ya makontena na nyingine, ambako unatembea kutwa ukisoma namba zilizoandikwa milangoni na kuzilinganisha na zilizo mkononi mwako, huku matrela yanarudi nyuma bila kukuuliza uko wapi.

Aliyenipa buti alikuwa Mzee Ngonyani. Zilikuwa buti zake za akiba, kubwa mno, akaniwekea magazeti kwenye ncha. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mwembamba, mwenye kuvaa glavu nyeupe za pamba alizokuwa akizifua mwenyewe kila jioni. Nikamwona mtu wa madoido. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yeye ndiye mpiga ishara wa winchi, na glavu zile zilikuwa nyeupe ili mikono yake ionekane kutoka juu.

Kwa wageni nieleze. Winchi yetu ni ile ya miguu minne inayotembea kwa matairi, ikipita juu ya safu za makontena kama mtu anayevuka mtaro kwa kutanua miguu. Opareta anakaa kwenye kebini juu kabisa, na njia ya kufika huko ni ngazi ya chuma iliyosimama wima. Ukiwa juu unaona karibu kila kitu isipokuwa kile unachohitaji kukiona zaidi, kwa sababu kontena ulilobeba linakukinga usione chini yake. Redio za mkononi zilikuwapo, ila mara nyingi hazikuwa na chaji. Kwa hiyo opareta anafanya kazi kwa mikono ya mtu mmoja aliye chini: inua, shusha, kulia, polepole. Huyo mmoja tu ndiye anayesikilizwa.

Isipokuwa ishara moja. Mikono miwili juu, viganja wazi, maana yake simama, na hiyo ni ya kila mtu. Mfagiaji anaweza kuinua. Dereva wa trela, mlinzi, mama anayeleta chapati, wote wana haki hiyo. Yeyote akiinua, opareta anasimama palepale, haulizi kwa nini, hamtazami ni nani. Mzee Ngonyani aliisema kanuni hiyo kwa kila mgeni aliyeingia yadi, pamoja na mimi niliyekuwa karani na sikuwa na winchi ya kusimamisha. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mwaka iliponunuliwa winchi ya pili, meneja wa wakati ule aliitisha kikao akasema atawafunza maopareta kutoka miongoni mwetu. Gasto alikuwapo. Gasto ndiye aliyeendesha winchi ya kwanza, na kwa kazi alikuwa mahiri, hilo sitamnyima. Aliangaza macho chumbani, yakanifikia mimi, mwanamke peke yangu mle, akasema, "Labda dada Tatu apande, awe anatupikia chai huko juu." Chumba kizima kikacheka, meneja naye akacheka.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijajua. Tuelewane hapo, maana wanaposimulia habari zangu huingiza neno ujasiri. Niliuinua kwa hasira, na mkono ukishainuliwa mbele ya wanaume wanaocheka, kuushusha ni kazi ngumu kuliko kupanda winchi. Wakati huohuo kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu pale aliyelijua. Mimi naogopa kwenda juu. Dada yangu anaishi Mwananyamala, ghorofa ya pili, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsaidia kuanika nguo kwa sababu kamba yake iko nje ya ukingo wa baraza.

Nilijaribu ngazi ile mara ya kwanza mchana kweupe, watu wakitazama. Nilifika pale kwenye kituo cha kwanza cha kupumzikia, nikatazama chini, nikatapika ndani ya helmeti yangu. Nilishuka nikiwa nimeishika kama bakuli. Waliokuwa chini na vikombe vyao vya chai walikuwa na la kusimulia mwezi mzima.

Mzee Ngonyani hakunipa pole. Alingoja wote waondoke, akanipeleka kwenye ngazi ileile, akasema, "Panda mpaka miguu ianze kutetemeka. Hapo simama. Usiende juu, usirudi chini. Kaa hapo mpaka itulie, ndipo ushuke. Ukishuka ikiwa inatetemeka, kesho itakumbuka kutetemeka."

Basi hiyo ikawa kazi yangu kila jioni baada ya kazi. Napanda, natetemeka, nasimama nimekumbatia chuma, nasubiri. Mzee anakaa kwenye tairi chakavu chini, anafua glavu zake kwenye ndoo. Kuna jioni nilipanda hatua chache kuliko jana yake. Kuna jioni nililia kwa ghadhabu, na ghadhabu yenyewe ilikuwa juu yangu, mwanamke mzima mwenye watoto, anayeshindwa na kitu ambacho fundi wa umeme anakipanda akiwa anaongea na simu.

Na wale wenye vikombe wakaanza kuchelewa kwenda nyumbani ili waje watazame. Nataka niseme jambo hapa, hasa kwa wale wanaopenda kusema kwamba dhihaka inakomaza. Dhihaka inachosha tu. Haikunisaidia hata hatua moja ya ngazi. Ningefika juu mapema zaidi kama wangekwenda kunywa chai yao mahali pengine, na ninakasirika mpaka leo nikisikia mtu anawashukuru waliomcheka.

Nyumbani nako kulikuwa na suruali. Ngazi ile huwezi kuipanda na gauni, na mama yangu, mwanamke wa Tandika aliyezaliwa na kukulia hapohapo, aliitazama suruali yangu ya kazi ikining'inia kambani kwa siku kadhaa kabla hajauliza kama inavaliwa chini ya baibui au badala yake. Nikamwambia chini yake mpaka getini, na badala yake kuanzia hapo. Akasema basi ishonwe mifuko, maana suruali isiyo na mifuko ni hasara tupu. Huo ndio upinzani wote nilioupata kwa mama, na nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Siku niliyofika kebini hakuna aliyeniona. Ilikuwa imenyesha, wapenzi watazamaji wamekwenda zao. Sakafu ya kebini ile ni kioo, ili opareta aone kati ya miguu yake. Nilikaa kwenye kiti nimefumba macho, miguu nimeikunja juu kama nimekaa mkekani. Nilipofumbua, niliona glavu mbili nyeupe chini kabisa, zikinipungia. Hofu haikuisha siku ile. Sikuwahi kupanda ngazi ile hata siku moja bila hofu hiyo, mpaka ninastaafu. Nilijifunza kupanda nayo, kama unavyotoka na mtoto anayelia kwa sababu huna wa kumwachia.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na mengi, nitataja moja. Kontena likining'inia kwenye nyaya hupembea, na mkono wa mtu mgeni unataka kulivuta lirudi. Ukilivuta linazidi. Dawa yake ni kulifuata kule linakokwenda, ukalifikia, likatulia chini yako. Mtihani wa kwanza nilianguka kwa sababu ya hilo. Aliyenieleza siri yake alikuwa Gasto mwenyewe, siku moja aliposahau kwamba hanipendi. Nilifaulu mtihani wa pili, na sikumshukuru, kwa sababu kesho yake alikuwa amekwisha kukumbuka.

Kuhusu choo nitasema kwa kifupi kwa kuwa nikianza sitanyamaza. Kushuka na kupanda kunakula muda, kwa hiyo wanaume walikuwa na chupa. Mimi nilipoomba niruhusiwe kushuka mara moja kabla ya mapumziko, nikaambiwa winchi haina choo kwa mtu yeyote, hakuna upendeleo. Nikaacha kunywa maji asubuhi, kwenye kebini ya kioo, katika joto la Kurasini. Nikaugua yutiai, ule ugonjwa wa njia ya mkojo, mara tatu mfululizo, na daktari akaniuliza kama kazini kwetu hakuna maji. Nikamjibu yapo mengi. Nyie mnaoshuka leo kwa zamu, mjue ruhusa hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ililetwa na kelele, na kelele zilikuwa zangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilikuwa kwenye winchi ya pili wiki chache tu, nikiwa na Mzee Ngonyani kama mpiga ishara wangu, aliponyoosha mikono Hamadi. Hamadi alikuwa mfungua pini. Trela likija, kontena huwa limefungwa kwenye trela kwa pini nne, moja kila pembe, na lazima zote zifunguliwe kabla winchi haijainua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa amesimama kando, mbali na mzigo wangu, akainua mikono miwili juu, viganja wazi. Nilisimama. Kontena likaning'inia. Nilitafuta hatari kila upande, sikuiona. Hamadi akashusha mikono polepole, akajinyoosha, akapiga miayo. Nilimwona Gasto, kwenye kebini ya winchi ya kwanza, akipiga goti lake kwa kicheko.

Nilipomuuliza wakati wa chakula, Hamadi alijibu kwa adabu kabisa, "Mie nilikuwa nanyoosha mgongo tu, dada. Sie tunataniagana hivi hivi."

Ikawa mchezo. Asubuhi huyu, mchana yule. Mtu anajikuna kichwa kwa mikono miwili. Mtu anamsalimu rafiki yake aliye mbali. Kila mara nilisimama, na kila mara wakacheka, kwa sababu raha yenyewe ilikuwa hiyo, kumwona mwanamke mzima kwenye mashine kubwa anasimama kwa miayo ya Hamadi. Gasto walimfanyia pia, kwa kunogesha, ila yeye hakusimama. Aliwapigia honi wakacheka pamoja. Kwake ilikuwa sehemu ya urafiki.

Kazi yangu ikazorota. Matrela yakapanga foleni upande wangu, madereva wakalalamika, mawakala wa mizigo wakapiga simu. Meneja akaniita. Nikamweleza yote, na majina nikayataja. Alinisikiliza akichezea kalamu, akasema huo ni utani wa kazini, nisiwe na moyo mwepesi. Akasema mimi ni mtu mzima, nina macho, nawajua wenye utani, basi hao nisiwasimamie. Nikiendelea kuchelewesha kazi atanirudisha kwenye ukarani, na hapo nisije nikasema nimeonewa kwa sababu ni mwanamke.

Nilitoka mle nikiwa nimekwisha kukubali moyoni. Ilikuwa rahisi. Ningempigia Hamadi honi, kontena lingeshuka mahali pake, foleni ingeisha, nami ningebaki na kiti nilichokitafuta kwa kutapika. Nilimweleza Mzee Ngonyani, nikitegemea aniambie sawa. Alikuwa anavaa glavu zake. Hakuniangalia.

"Siku utakayochagua nani wa kumsimamia," alisema, "shuka urudi kwenye makaratasi, binti yangu. Mimi sitakuwa chini ya winchi yako."

Nilipanda nikiwa nimemkasirikia yeye sasa, kuliko nilivyowakasirikia wale. Lakini alipoinua mtu mikono asubuhi ile, nikasimama. Mchana nikasimama. Mnaniuliza uvumilivu ni nini. Kwangu haukuwa ile ngazi. Ngazi ilikuwa hofu yangu mwenyewe na nilijua nashindana na nani. Ugumu ulikuwa kusimama kila siku kwa watu wanaonicheka, huku najua kwamba kila nikisimama nakata tawi la mti nililokalia. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikijiambia leo sisimami. Nikifika juu, nikiiona mikono, vidole vyangu vinaachia vishikio vyenyewe.

Meneja alinipa onyo la kwanza, akanipa la pili. La tatu lilikuwa njiani.

Siku ile mpiga ishara wa Gasto hakuja, anaumwa, Mzee Ngonyani akaazimwa upande wa pili. Mimi nikapewa mtu mwingine. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, chini kuna utelezi. Trela lilisimama chini ya winchi ya Gasto, Hamadi akafungua pini tatu, ya nne ikawa na kutu. Alidhani imefunguka. Mzee Ngonyani akaonyesha kidole, inua kidogo, polepole, tuone, kisha akasogea ubavuni mwa trela kutazama matairi. Alikokuwa, Gasto hakumwona, kontena lilimkinga. Hamadi alikuwa upande wa pili, wazi kabisa, na ndiye aliyeona kwanza. Pini moja ikibaki imefungwa, winchi hainyanyui kontena peke yake, inanyanyua na trela. Upande mmoja wa trela ulikuwa unaondoka ardhini.

Hamadi akainua mikono miwili juu.

Niliiona nikiwa kwenye safu ya pili. Nikasimamisha winchi yangu, ingawa mzigo haukuwa wangu na ishara haikuwa yangu. Nikamtazama Gasto kupitia vioo viwili. Alikuwa anamtazama Hamadi moja kwa moja. Alikuwa anatabasamu. Akampigia honi, akaendelea kuinua.

Nilikandamiza honi yangu nisiiachie, lakini honi kwenye yadi ile ni kama kikohozi msikitini, nani anageuka. Hamadi alirukaruka na mikono yake juu, anapiga kelele, na jinsi alivyozidi ndivyo ilivyoonekana anazidisha mchezo. Kisha pini ikakatika. Trela likaanguka lilikotoka, likateleza, na gurudumu la nyuma likatua kwenye mguu wa Mzee Ngonyani.

Nilishuka ngazi ile siku hiyo bila kuiona. Nilipofika, Mzee alikuwa amelala kwenye tope, macho wazi, glavu zake bado nyeupe. Hamadi ameketi kando yake anashika kichwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyecheka. Gasto alisimama mbali akirudia neno moja kwa kila aliyempita: "Nilidhani utani. Nilidhani Hamadi na mambo yake." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linalonichoma. Hakuwa muuaji. Walikuwa wamekaa miezi wanamfundisha kutosimama, na mwalimu mkuu alikuwa yeye mwenyewe.

Mzee alikatwa mguu chini ya goti. Kikao kikaitishwa, meneja akasoma maelezo yake, akasema chanzo ni tatizo la mawasiliano. Niliposikia neno lile niliona giza. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mawasiliano hayakuwa na tatizo, bosi. Hamadi alisema simama, na Gasto alimwona. Simama yenyewe ndiyo mliyoifanya kichekesho, mkaniambia mimi nichague wa kumsimamia. Kama ningekutii wewe, leo tungekuwa na maopareta wawili wa namna hiyo."

Akaniambia nina chuki binafsi na mwenzangu. Akafunga kikao. Onyo la tatu halikuja, wala pole haikuja. Baada ya wiki mbili walipaka ukutani maneno makubwa, USALAMA KWANZA. Rangi ilikuwa nzuri. Gasto aliacha kazi mwenyewe. Nilikutana naye mara moja Tandika sokoni, akanisalimia, nikamwitikia, zaidi ya hapo sikuwa nacho cha kumpa. Hamadi alibaki. Mpaka anastaafu sikumwona akiinua mikono yote miwili kwa jambo lolote. Hata kofia alivaa kwa mkono mmoja.

Nilikwenda kumwona Mzee Ngonyani kwake Yombo. Nilimkuta ameketi mlangoni, magongo yameegemea ukuta, anachambua maharage. Nilimwamkia shikamoo, nikaketi karibu naye. Yeye ndiye aliyeanza. Akauliza kama niliiona mikono ya Hamadi.

"Niliiona, baba."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Na wala haikuwa ya kwangu."

Aliendelea kuchambua maharage kwa muda. Kisha akasema basi, akaita ndani nipikiwe chai. Hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipofariki, miaka kadhaa baadaye, kwa maradhi mengine kabisa.

Nilirudi nikakaa kwenye kiti kile miaka yangu yote iliyobaki. Walionifuata niliwafunza mimi, na wa mwisho ni Neema, binti wa Tandale, mama yake anauza viazi pale sokoni. Yeye haogopi kupanda hata kidogo, anakwea ngazi ile utadhani kuna mtu anamwita juu. Nikaona basi huyu nitamfunza hilo lingine. Nilimsumbua. Nilimkaririshia kanuni ile asubuhi na jioni mpaka akawa anaimalizia yeye kabla yangu, kwa sauti ya kunikejeli. Nilikuwa nimegeuka Mzee Ngonyani bila glavu.

Narudi kwenye siku ya kuniaga, maana keki niliwaambia lakini sikuwaambia kilichotokea kabla yake. Turubai lilifungwa pembeni mwa yadi, kazi haikusimamishwa kwa ajili yangu, na haikupaswa. Meneja wa sasa, kijana mwenye maneno matamu, alitaka picha yangu ambayo winchi inaonekana yote nyuma yangu. Mpiga picha akawa anarudi kinyumenyume, anachuchumaa, anarudi tena, jicho kwenye kamera. Akavuka mstari wa njano unaotenga njia ya winchi. Meneja akamfuata ili aone picha inavyotoka, na wageni wawili nyuma yake. Juu yao Neema alikuwa anakuja na kontena.

Niliinua mikono miwili juu, viganja wazi, na kitenge chao kikiwa begani.

Wakacheka. Nawaapieni, walicheka wote. Walidhani mama mstaafu anashangilia. Meneja akapiga makofi, akasema, "Mama, leo ni siku yako, sahau kazi kidogo," na mpiga picha akanipiga palepale. Picha hiyo ndiyo waliyoniwekea kwenye fremu. Nimo mimi, mikono juu, uso umekunjamana, na watu wanaonizunguka wana furaha kubwa.

Kontena lilikuwa limesimama hewani nyuma yangu, limetulia kimya. Halikusogea mpaka walipomaliza kucheka, nikawasukuma kwa kifua na kwa matusi kurudi upande wa pili wa mstari, nikashusha mikono. Ndipo likaendelea na safari yake.

Jioni Neema aliposhuka nilimuuliza kama alikuwa amewaona wale watu chini yake.

"Sikuwaona, mama," alisema. "Kontena liliwaziba. Niliona mikono tu."